Mama, Nilikata Watoto wa Mgomba Wako

Mama yangu mpendwa,

Mvua bado. Kiangazi kinaisha, lakini kinaisha pole pole, na vumbi la Kawempe limekaa mpaka kwenye sukuma wiki zako. Nakuandikia kwa Kiswahili cha kambi ya polisi, kile ulichotugombeza nacho tukiwa wadogo, kwa sababu kuna kitu nimefanya na nataka ukisikie kwangu kwanza.

Ni ule mgomba wako.

Unakumbuka siku ulipoupanda? Baba alikuwa amestaafu, tumetoka kambini tukahamia hapa, na jirani yetu Nnalongo akakupa mche mmoja. Wewe ulishika jembe, mimi nikabeba maji. Nnalongo alisimama pale kwenye ua akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Laker, unapanda ndizi ama unazika paka?"

"Cheka tu," ukamwambia. "Sisi watu wa mtama. Tutajifunza."

Na kweli ulijifunza. Mimi nilikuwa naona tu mkungu umekuja, nakula. Tangu ulipotuacha, kila kitu chako kingine kimekunjwa sandukuni. Mgomba ndio peke yake ulikuwa bado unakua.

Sasa mwezi uliopita nikasema nisafishe bustani kabla ya mvua. Mgomba mkubwa ulikuwa na mkungu, na chini yake watoto watatu. Nikafikiri kama tunavyofanya kwenye mtama: ikibanana, ng'oa midogo, mkubwa upate maji. Nikachukua panga, nikakata watoto wote watatu, nikawachimba na mizizi yao, nikawapa mbuzi. Nilijisifu hata.

Nnalongo alipopita akashika kichwa. "Banange, Laker! Umeua watoto, umebakisha bibi! Huyo akimaliza huo mkungu, anakufa. Nani atabaki?"

Sikujua, mama. Sikujua kwamba mgomba unazaa mara moja tu. Niliingia ndani nikalia, na mwanangu Aber akanipangusa uso kwa gauni lake, chafu hivyo hivyo.

Nnalongo hakuniacha. Alinionyesha kutandaza majani makavu kuzunguka shina, akasema huko chini ya udongo huenda kuna jicho la kuchipua limebaki. Alisema huenda, hakuahidi. Kwa hiyo kila asubuhi nikimaliza kumwogesha Aber, maji ya beseni tunayapeleka kwa mgomba. Nusu anayamwaga miguuni mwake. "Kunywa, bibi," anauambia.

Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Mkungu ukakomaa, nikaukata, nikapika. Aber alikula akaongeza. Mimi nilikaa na sahani yangu nikitazama mlangoni.

Jana asubuhi Aber akapiga kelele huko nje. Nikafikiri ameona nyoka, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Alikuwa amechuchumaa. Kwenye yale majani makavu kulikuwa na ncha moja ya kijani, nene kama kidole gumba, imejikunja yenyewe kwa yenyewe.

Nilimwita Nnalongo. Aliinama, akaitazama muda mrefu. "Huyo ni mzima," akasema. "Lakini Laker, hilo panga lako nipe mimi."

Nimempa panga.

Imetokea mahali pabaya, katikati kabisa ya njia ya kwenda bombani. Nimeizungushia mawe. Kamba ya nguo nimeihamisha ili jua liifikie. Sisi tutakuwa tunazunguka upande wa choo.

Pumzika, mama, huku tuko.

Binti yako,
Mama Aber