Msamaha wa Kabla ya Majibu

Mdogo wangu mpenzi, Kitindamimba wetu,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na watoto. Je, kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika kila nikishuka ngazi, na kichwani nimevurugika kama chungu kilichokorogwa kwa miiko miwili.

Kwanza nikutoe hofu: rudisha nguo nyeusi kabatini. Dada hafi. Najua nilikupigia simu nikilia, nikakwambia uje kumuaga. Leo nakwambia kinyume chake. Nivumilie nikueleze taratibu; unanijua, sifiki sokoni bila kupitia shuleni.

Alilazwa kwa maumivu ya nyonga. Picha ilionyesha kivuli kidogo kwenye mfupa, na kwa kuwa zamani aliwahi kutolewa uvimbe wa saratani kwenye ziwa, daktari aliogopa kwamba ugonjwa umehamia mifupani. Akaagiza kipimo nilichokifanya kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mfupa si jiwe, mdogo wangu. Ni kama nguzo ya jengo: madini ndiyo zege, na nondo zake ni protini iitwayo kolajeni, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba. Ndani ya kamba hiyo kuna kipande kinachoitwa hidroksiprolini, ambacho ni nadra kukikuta kwenye protini nyingine. Kamba ikivunjika, mwili hauwezi kukitumia tena kipande hicho, hukitupa. Basi unakusanya mkojo wa siku nzima kwenye dumu, unauchemsha na asidi, unatia dawa, nao unageuka mwekundu. Wekundu ukizidi, huenda mifupa inaliwa.

Anayeongoza maabara sasa ni mama niliyemfundisha mwenyewe. Tunamwita Mizani, kwa jinsi asivyoamini jambo bila kulipima mara mbili. Hili alilipima mara tatu. Kila mara majibu yalikuwa zaidi ya maradufu ya kawaida. Lakini damu ya Dada ilikuwa safi, hamu ya kula anayo, na ulimi wake ulikuwa mkali kama kawaida.

Unakumbuka Dada alikuwa hanisemeshi mwaka wa tisa huu, tangu siku mumewe alipozikwa nami nikabaki maabara nikilinda mirija iliyokuwa ikichemka tangu jana yake. Aliwaambia waombolezaji kwamba mdogo wake naye kazikwa, ila yeye kazikwa ndani ya chupa. Ndiyo asili ya hilo jina langu la Bwana Chupa. Alipolazwa nilimpelekea chakula siku tatu mfululizo. Alikula akiwa ameupa ukuta uso, akanirudishia bakuli bila neno. Lakini siku alipoambiwa majibu, aliniita. Akanishika kiganja, akasema safari hiyo haibebewi kinyongo, amenisamehe. Nililia kama mtoto, naye akaniambia nipenge kamasi, nisimchafulie shuka. Tangu siku hiyo nilishinda kitandani pake, tukicheka mambo ya utotoni mpaka wauguzi wakatunyamazisha.

Sasa nakiri. Chakula kile kilikuwa supu ya mifupa ya ng'ombe, iliyochemshwa mpaka ikipoa inaganda. Inaganda kwa sababu mfupa umeachia kolajeni yake majini. Ukiinywa, kile kipande hutoka kwenye mkojo wako sawa na cha mifupa yako. Karatasi ya kuwakataza wagonjwa nyama, supu na jeli kabla ya kipimo na siku ya kipimo chenyewe imebandikwa mlangoni pa wodi. Niliiandika mimi. Sahihi yangu iko chini yake. Kumbe tulikuwa tunapima ng'ombe, si Dada.

Nilipokuwa namimina supu sikukumbuka, naapa. Lakini siku moja baada ya kusamehewa, Mizani aliniuliza mgonjwa alikuwa anakula nini, na papo hapo nikakumbuka. Nikamjibu kwamba hajala chochote kilichokatazwa. Mpaka leo sielewi kinywa kile kilikuwa cha nani. Nadhani niliogopa kwamba Dada akiwa mzima atarudi ukutani. Nikanyamaza siku sita, hadi daktari aliposema kesho yake wataanza dawa nzito. Hapo nilimfuata ofisini nikamweleza. Alivua miwani, akaniuliza kama ni mimi kweli niliyewafundisha wenzangu.

Walimlisha wali na mboga za majani siku tatu, wakakusanya dumu jingine. Kawaida kabisa. Kivuli, walipokipiga picha upya, ni ufa wa zamani uliokwisha kujiunga, na maumivu ni ya gegedu la nyonga, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, lililolika kwa umri. Amepewa mkongojo.

Dada nilimweleza mimi mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nimejua tangu lini. Nikasema siku sita. Akasema yeye alimsamehe mtu akidhani anakufa, na sasa hafi. "Basi nirudishie msamaha wangu." Mama wa kitanda cha jirani aliangua kicheko. Dada hakucheka. Wala hakununa.

Alipotoka hospitali aliuacha mfuko wake kitandani akatangulia na mkongojo. Nikaubeba. Ndani ya gari alizungumza na dereva habari za mvua njia nzima. Mlangoni pake alishuka, akaingia, akafunga. Hakuubamiza mlango, aliufunga tu. Mfuko ukabaki mapajani mwangu, una gauni la kulalia na miwani yake ya kusomea. Leo ni siku ya nne, hajamtuma mtu aje kuuchukua. Mara nasema mtu hamwachii adui miwani yake. Mara nasema hakutaka kuupokea mkononi mwangu.

Wewe amekulea yeye, unausoma uso wake kuliko mimi. Niambie: niupeleke, au nisubiri auagize? Jibu upesi, maana atakuwa hasomi chochote.

Wabusu watoto, na umwambie shemeji nauliza hali yake.

Ni mimi kaka yako,
Bwana Chupa