Hodi Uliyokataa Kupiga

Mfaranyaki, Songea
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Ramadhani,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Mvua inapiga bati hapa kiasi kwamba hata nikiongea peke yangu sijisikii. Natumaini miguu ya mama imepungua kuvimba, na yule mbuzi aliyekuwa anawakosesha usingizi amekwisha kuzaa. Hayo mtanijibu kwa nafasi yenu. Mimi leo nina hasira, kaka, na sitaki kuificha katikati ya salamu.

Wifi Mwanaidi, najua ni wewe unayemsomea. Nakuomba usiruke neno. Pale utakapoona aibu kusoma ndipo upandishe sauti. Nimechagua karatasi kwa makusudi, maana kila nikipiga simu kaka ananiambia, "Tupo salama, mtandao unasumbua," halafu ananikatia. Karatasi hawezi kuikata, labda aichane, na akiichana nitaandika nyingine.

Nianze na ule ubao wangu wa matangazo wa kwenye kompyuta. Nilipokuja likizo uliniambia jambo moja tumekaa kibarazani, na mpaka leo halijanitoka. Ulisema tangu macho yako yaende, hakuna mtu anayebishana nawe tena. Ukisema mvua itanyesha, wanasema ndiyo mwalimu. Ukisema haitanyesha, ndiyo mwalimu. Wewe mwalimu wa historia uliyekuwa ukigombana na nusu ya Kondoa kuhusu nani alipigana na nani na kwa nini, leo watu wanakukubalia kila kitu kwa huruma, kama mgonjwa anayepewa uji. Uliniambia, "Zuhura, hii huruma itaniua kabla ya uzee." Nilirudi Songea na maneno hayo kichwani, ndiyo maana nikanunua ile kompyuta kuukuu na kuanza kazi.

Unajua nilichokuwa natafuta. Kompyuta inakaa chumbani kwangu, watu wanaingia kutoka popote walipo kwa telnet, ile njia ya zamani ya maandishi matupu, wanaandika, wanasoma, wanajibizana. Hakuna picha wala vitufe vya rangi vya kubonyeza kwa kubahatisha. Ni herufi tu, na herufi ndizo ile programu yako inazokusomea sikioni bila kigugumizi. Humo ndani hakuna ajuaye nani anaona na nani haoni. Ukiandika upuuzi, utaambiwa umeandika upuuzi. Nilitaka wewe na wale wenzio watatu mliofundishwa pamoja kutumia kompyuta kwa masikio, wa Masasi, wa Singida na wa Moshi, mpate mahali pa kugombana kama watu wazima.

Basi nikaenda kwa hawa wanaoniuzia intaneti, maana ubao ulifanya kazi humu chumbani lakini wa nje hakuweza kuingia. Dirishani alikaa kijana mmoja amevaa koti la baridi ndani ya ofisi, anatafuna karanga. Nikamweleza. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Telnet? Dada, hiyo si walitumia babu zetu?"

Nikamwambia babu yangu alilima ulezi, hakuwa na kompyuta. Akasema laini yangu inatumia anwani moja na nyumba nyingi za hapa mjini, kwa hiyo mimi naweza kutoka nje, lakini aliye nje hawezi kunitambua na kunifikia. Nikitaka anwani yangu peke yangu, nilete leseni ya biashara.

"Biashara gani? Nataka kaka yangu aingie kwangu."

"Sasa si umtumie tu ujumbe wa sauti kwenye simu? Kama haoni, si anasikia?"

Kaka, nilisimama pale nikahesabu pumzi. Huyu hajawahi kukuona, lakini tayari ameshaamua unachohitaji. Na si yeye peke yake. Mwalimu Haule, tunayekaa naye meza moja shuleni, naye aliniambia hivyo hivyo huku anasahihisha madaftari: atumiwe sauti. Kila mtu ana dawa yako mfukoni. Hakuna aliyeuliza kama unataka sauti yako ijulikane na kila mtu kwamba ni ya yule mwalimu masikini aliyepofuka. Nilitoka pale sijaaga.

Sikuleta leseni. Nilikodi nafasi kwenye kompyuta ya mbali, huko nje ya nchi, yenye anwani yake inayojulikana. Hii ya kwangu inaipigia ile na kuishikilia laini isikatike. Anayegonga mlango kule analetwa moja kwa moja chumbani kwangu Mfaranyaki, na yeye mwenyewe hajui kama amezungushwa. Kusema ni rahisi. Ilinimalizia likizo fupi nzima, kila nikidhani imekaa sawa inakatika, naanza upya. Siku iliposhika niliruka peke yangu chumbani, mpaka Mama Kapinga mwenye nyumba wangu akauliza kupitia dirishani kama nimeona nyoka.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Chai niliyokuwa nimeimimina ilikuwa bado ya moto, wakaanza kuingia watu. Nikafikiri ni nyinyi! Kumbe ni wezi. Si watu hata, ni programu zinazozurura dunia nzima zikijaribu kila mlango, na mlango wa telnet ndio wanaoupenda kuliko yote. Wanaandika jina la msimamizi, wanajaribu nywila, wanaondoka, wanarudi, mmoja juu ya mwingine, mpaka kompyuta yangu ikashindwa kupumua. Nilitukana, kaka. Mama asiambiwe, lakini nilitukana kwa Kirangi chetu chote nilichobakiwa nacho. Nimehangaika vyote hivyo kumfungulia ndugu yangu, na wa kwanza kuingia ni majambazi wa kutoka nchi nisizozijua.

Wakati huo Mama Kapinga akaingia kuniambia nichomoe nyaya, radi zilikuwa zinakuja kutoka upande wa milima ya Matogoro. Akaona maandishi yanavyokimbia kwenye kioo.

"Mwalimu, hao ni nani?"

"Wezi, mama. Wanajaribu kuingia."

"Kwa mashine yako?" Akakunja uso. "Na wanaingia tu? Hodi hawapigi?"

Alisema hivyo kwa ghadhabu ya kweli, kana kwamba wamepita sebuleni kwake na viatu vya matope. Na mimi nikaona njia. Mvua ilipokatika nikabadilisha mlango. Sasa anayefika anakuta maneno mawili tu: Piga hodi. Akiandika hodi, anakaribishwa. Asipoandika, anapewa dakika moja, kisha mashine inamkatia. Wezi hawajui Kiswahili, wakakwama nje wote. Nilikaa nikawaangalia wanavyogonga ukuta, nikacheka kwa sauti.

Wa Masasi akafika. Akapiga hodi, akakaribishwa. Akafuata wa Singida, halafu wa Moshi. Wote swali lao la kwanza lilikuwa moja: Ramadhani yuko wapi? Nikawajibu yuko njiani, nimempa maelekezo yote kwa simu. Siku zikapita. Nikikupigia, mtandao unasumbua. Mtandao gani huo, kaka, unaosumbua nyumba moja tu Kondoa nzima?

Katika kumbukumbu za mlango kulikuwa na mgeni mmoja wa ajabu. Kila siku baada ya magharibi anafika, anasimama ile dakika nzima bila kuandika herufi hata moja, anakatiwa, anaondoka. Kesho yake tena. Nikamsimulia Mwalimu Haule, tukampa jina la mwizi bubu. Tulimcheka pale ofisini mpaka mwalimu wa zamu akatuangalia vibaya.

Wifi, hapa ndipo pa kupandisha sauti.

Jumatano wifi akanipigia, ananong'ona kutoka uani. Nikamuuliza kwa nini kaka haingii. Akasema, "Wifi, nisemeje? Kila siku akitoka kuswali anakaa pale. Inamwambia piga hodi. Anavua vile vya masikioni, anasema, 'Mimi, nimpigie hodi Zuhura?' Halafu anakaa kimya mpaka imkatie."

Nikaona moto. Mimi nimekesha na nyaya, nimechekwa na kijana wa karanga, nimetukanana na wezi wa dunia nzima, wewe unanifanyia ukubwa! Nikamwambia wifi nitaizima kompyuta nimrudishie fundi aliyeniuzia. Akasema, "Usiseme hivyo. Juzi nilimuuliza. Akaniambia, 'Mwanaidi, tangu macho yaende maisha yangu yote ni hodi. Chooni hodi, nisimkute mtu. Jikoni hodi, nisimwage chungu. Chumba cha mwanetu Athumani hodi. Kwenda msikitini namuomba mtu mkono. Na huko nako, mahali nilipoambiwa ni pangu, nikaombe ruhusa?'"

Kaka, kumbe mwizi bubu ni wewe. Nimelia, sikufichi.

Lakini hasira yangu haijaisha, imehama tu. Nina hasira na wewe, kwa sababu ungeniambia. Mimi ni mdogo wako, sikuzaliwa juzi, ungesema, "Zuhura, hilo neno silitaki," ningelitoa siku hiyo hiyo. Nina hasira na nyumba nzima hapo. Athumani, kama umekaa hapo unasikiliza, nakuambia mimi shangazi yako: chumba hicho alikijenga baba yako kwa mikono yake, akiwa anaona na wewe hujazaliwa. Mlango uache wazi. Na mikeka na ndoo mnazoziacha ovyo njiani, ziwe na mahali pake pa kudumu, atembee kwake bila kuuliza. Na nina hasira na mimi mwenyewe kuliko wote. Nilitafuta mahali utakapoingia bila kushikwa mkono, nikaweka mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi, kisha nikakucheka ofisini.

Hodi nimeitoa. Si kwako tu, kwa wote. Ila mlango mtupu siwezi kuuacha, wezi bado wapo, kwa hiyo nimefanya hivi. Ukifika, mashine itakuamkia wewe. Itasema shikamoo. Wewe utaandika marahaba, utabonyeza kile kitufe kikubwa, basi, umeshaingia. Huombi chochote. Mwizi wa kutoka ng'ambo akiamkiwa hajui la kuitikia, nimewatazama siku tatu hizi, wanabaki wameduwaa hapo hapo. Mama Kapinga hakufurahi nilipomweleza. Alisema mashine gani hii isiyojua mkubwa na mdogo, ina maana hata mtoto wa shule akifika inamwamkia? Nikamwambia ndiyo, hata mtoto wa darasa la tatu, na itaendelea kumwamkia. Akaondoka anatikisa kichwa, anasema jambo kwa Kimatengo ambalo sikuomba kutafsiriwa.

Mnisalimie mama, mwambieni dawa ya kuchua miguu naituma kwa basi la Alhamisi pamoja na unga wa ulezi. Msalimieni shangazi msusi wa mikeka, na ami yetu wa pale kisimani ambaye bado ananidai maelezo kwa nini nimekubali kufanya kazi kwenye baridi namna hii. Imamu mpeni salamu zangu, na yule jirani anayemshika kaka mkono kwenda msikitini, mwambieni namshukuru sana. Wifi, wewe nakusalimia peke yako, na kama kaka amekununia kwa haya niliyoyasema, mwambie anune na mimi.

La mwisho, kaka. Juzi nimeandika hoja kwenye ubao, kwa jina langu kamili. Nimesema historia haifai kuwa somo la lazima shuleni, kwamba ni hadithi za kukariri, na kwamba mwalimu yeyote wa hesabu kama mimi akipewa kitabu wiki moja anaweza kuifundisha kuliko hao walioisomea. Wa Masasi amekubaliana nami. Wa Singida ameandika kwamba nimechelewa kulisema. Wa Moshi amesema hoja ni nzuri na haina jibu. Mpaka naifunga barua hii, hakuna hata mtu mmoja aliyenipinga.

Mdogo wako mwenye hasira,
Zuhura