Neno la Kambani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku tunaamka na tunalala. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini, na sasa kila nikimnyonyesha ananing'ata halafu anacheka. Mguu wako unaendeleaje? Yule jirani aliyekuja huku alisema umeshaacha fimbo na unafika mpaka kisimani, nikafurahi sana, ila nakuomba usibebe ndoo kubwa. Mwambie wifi akusaidie, yeye ana nguvu za bure.

Najua umeshasikia kwamba mkweo hayuko tena kiwanda cha mbao, na najua umesikia kwa midomo ya watu. Ndiyo maana nakuandikia mwenyewe, ingawa mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Chanzo chake ni kriketi. Usicheke, mama. Na mimi nilikuwa nacheka.

Huku kuna viwanda viwili vinavyotazamana, barabara katikati. Upande wetu ni mbao, upande ule ni magodoro. Kila mwaka wafanyakazi wao wanacheza kriketi kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala. Wa mbao wanaitwa Vumbi, wa magodoro wanaitwa Walalaji. Wiki nzima kabla ya mechi huwezi kwenda kununua hata kiberiti bila kuwasikia wakichambana dukani, hawa wakisema vumbi kazi yake ni kufagiliwa, wale wakijibu kwamba tangu dunia iumbwe hakuna aliyeona godoro limesimama lenyewe. Mkweo ni Vumbi. Mdogo wangu, kitindamimba wako, ni Mlalaji tangu alipopata kazi ya kukata sponji.

Walalaji walikuwa wameshinda miaka minne mfululizo. Hilo lilimchoma sana msimamizi wa kiwanda cha mbao, ambaye ndiye nahodha wao. Wanamwita Msumeno kwa ajili ya sauti yake. Alimwita mkweo pembeni ya mashine ya kuranda akamwambia kwamba mwaka huu wakishinda, Jumatatu yake atampeleka ofisini akatie saini ajira ya kudumu. Mama, miaka mitatu alikuwa kibarua, kila asubuhi anasimama getini na wenzake kusubiri kuona kama ataitwa. Siku ile alirudi na unga wa mbao hata kwenye nyusi, akanieleza akiwa bado amesimama mlangoni, viatu mkononi. Mimi nikaanza kuota chumba cha pili. Nikaenda mpaka kumuuliza mwenye nyumba kama kile cha uani kitakuwa wazi.

Siku ya mechi nilitandika mkeka kona ya chini ya uwanja, kwenye kivuli cha ukuta, kwa sababu ya mtoto. Watu wengi walikaa juu, penye upepo. Sasa hapa nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa. Mechi yao haina waamuzi wa kukodi. Timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi, wachezaji wake waliokwisha kutolewa, na wanaaminiana. Lakini uwanja wenyewe una mteremko, na aliyesimama katikati haioni kamba ya mpaka kule kona ya chini. Kwa hiyo tangu zamani walikubaliana: likitokea jambo huko, anaulizwa mtu aliyekaa karibu kuliko wote na kamba, awe wa upande wowote, na neno lake halipingwi. Wanaliita neno la kambani. Mwaka juzi fundi viatu mmoja, Vumbi wa kufa, alitoa neno lililowaumiza wenzake, na jioni yake hao hao wenzake wakamnunulia chai.

Walalaji walipiga kwanza, wakapata mikimbio mia moja na kumi na miwili. Vumbi wakaingia kupiga, waipite hesabu hiyo. Mkweo alipata kumi na tisa, nikapiga vigelegele mpaka mtoto akalia. Alipotolewa akavaa koti jeupe la mwamuzi akaenda kusimama katikati. Mwisho ukabaki mpira mmoja tu, na inatakiwa mikimbio minne. Aliyekuwa anapiga ni Msumeno mwenyewe.

Akaupiga. Mama, ule mpira ulipanda mpaka nikafumba jicho kwa jua, na ulikuwa unakuja kwetu. Ukipita juu ya kamba ni sita, Vumbi wameshinda. Mtu akiudaka ndani ya kamba, Msumeno ametoka na yote yamekwisha. Akiudaka huku amekanyaga kamba, basi ni sita vilevile. Aliyekuwa analinda kona ile ni mdogo wangu. Alikuja kinyumenyume, macho juu, akaudaka hatua mbili kutoka kwenye mkeka wangu, akaanguka kwa makalio.

Juu huko kila mtu anapiga kelele zake. Mkweo akashuka mteremko akikimbia, koti linampepea. Akaangalia nani yuko karibu na kamba. Nilikuwa mimi na mtoto tu. Akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa heshima kama anayemuuliza mtu baki, je, mama, huyu amekanyaga kamba?

Nikasema hakukanyaga.

Akainua kidole, maana yake Msumeno ametoka. Walalaji wakambeba mdogo wangu begani. Msumeno akatupa gongo lake la kupigia, akamfokea mkweo mbele ya watu kwamba amewauza kwa shemeji yake, kwamba tangu lini dada akatoa ushahidi wa kumfunga ndugu yake. Mkweo hakupandisha sauti. Alimjibu kwamba neno la kambani halipingwi, na kwamba kwa miaka yote aliyokaa na mimi sijawahi kumdanganya hata kwa chumvi iliyoisha.

Jumatatu hakuitwa getini. Jumanne hakuitwa. Jumatano alimkuta mpwa wa Msumeno kwenye mashine ya kuranda, akarudi. Sasa anabeba mchanga kwenye majengo. Akirudi mikono yake haifungi vizuri, namshikia kikombe, na yeye anafanya mzaha kwamba ameoa mke akapata na yaya. Hajanilaumu hata siku moja. Wenzake wakipita wanamwambia akamwombe Msumeno radhi, na yeye anawaambia hana la kuombea radhi, walishindwa kwa haki. Anasema hivyo halafu ananigeukia mimi, nimthibitishie. Naitikia kwa kichwa.

Mdogo wangu alikuja mara moja tu. Alimletea mjukuu wako mto mdogo wa mabaki ya sponji. Mkweo alimkaribisha, akamwambia shemeji, ule mpira uliudaka vizuri, hata kama umenila. Mdogo wangu akasema ana haraka. Chai aliiacha ina moto.

Mama, kama ni wifi anayekusomea, mwambie aishie hapa, umalizie mwenyewe hata kwa kuokoteza herufi.

Alikanyaga. Kisigino chote cha kulia kilikuwa juu ya kamba, na kamba ilijikunja ikamwingia kwenye kiatu. Aliitazama, kisha akanitazama mimi, kabla hajanyanyua mkono wenye mpira. Alinitazama vile vile alivyokuwa akinitazama ukirudi shambani ukakuta chungu kimevunjika ukauliza nani, na mimi nasema ni mimi. Ulijua siku zote kwamba si mimi, mama. Uliniacha niseme. Na siku ninaolewa ulinishika mikono ukaniambia nisimwache mdogo wangu akaaibika mbele za watu. Basi sikumwacha. Neno lilitoka kabla sijalifikiria, na nilidhani ni mchezo tu. Sikulaumu wewe, mdomo ni wangu. Lakini nimechoka kuwa ndiye aliyevunja.

Kinachoniua si kazi iliyopotea. Ni kwamba yule mwanaume aliweka riziki yake yote juu ya neno langu mbele ya watu, na bado anaendelea kuliweka kila siku, na neno lenyewe ni bovu.

Mtoto amelala, na nimeandika tangu asubuhi. Barua hii sitaifunga mpaka baba yake arudi nimsomee yote, pamoja na hapa. Yeye ndiye anayepita posta akienda kwenye mchanga, mimi sina njia nyingine ya kuituma. Kwa hiyo ikifika mikononi mwako, ujue ameshaisikia, na ameitia sandukuni kwa mkono wake. Nina matumaini, mama. Nimeshaandika jina lako juu ya bahasha.

Msalimie baba, msalimie wifi na watoto wake wote, na majirani wanaoniulizia. Mdogo wangu akikuandikia, usimgombeze, mwambie tu aje nyumbani anywe chai mpaka iishe.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mama wa mjukuu wako