Ukuta Uliotoa Tumbo

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulimi wangu haujui kuanza na wewe kwa neno jingine.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ulipotutoka sikuweza kuandika hata jina langu. Nimejifunza kwenye darasa la watu wazima, pamoja na Mama, ambaye husinzia kabla mwalimu hajafuta ubao. Wewe ulisoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo hata ungekuwa hai ungetafuta mtu wa kukusomea, na ungeniita mimi. Basi nisikilize.

Nataka kukupa habari za ghala.

Tangu uondoke, karibu watu wote wa upande wetu wa Kwihara wamehamia kijiji kipya cha ujamaa, kule barabarani. Nyumba za majirani zimebaki kuta tupu, na mbuzi wasio na mwenyewe wanaingia watakavyo. Tulibaki mimi, Mama na mdogo wangu Ramadhani, na tulibaki kwa sababu ya ghala tu. Katibu wa kijiji alikuja kiangazi hiki, akalizunguka, akatuambia wazi: “Mvua zikilikuta zima, tutaweka mahindi ya kijiji humu, na ninyi mtakaa hapa kulitunza. Likiwa bovu, mtahama kama wenzenu.” Kubaki kwetu karibu na kaburi lako kukawa kumeegemea ukuta ule wa mawe na tope, aliousimamisha Babu zama za misafara ili wapagazi wapate pa kuweka mizigo.

Na ukuta wenyewe, Baba, umetoa tumbo. Upande wa kisimani umevimba kama mja mzito, na juu yake boriti zimeanza kuchomoka.

Unakumbuka siku za kukandika? Kila mwaka kabla ya mvua wanawake walijaa uani kwetu. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukauchanganya na mavi ya ng'ombe, tukaukanyaga huku tukiwaimbia wanaume matusi, kisha tukaupaka ukutani kwa viganja. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha ukuta, na akiona ufa alipiga kelele mpaka uje. Mwaka mmoja miguu ya Mama ilipasuka ikatoa damu. Ukaenda mjini, ukarudi na mifuko ya saruji. Ukapiga lipu nje na ndani, ukasimama mlangoni umevaa kofia yako ya Ijumaa, ukasema, “Basi. Mke wangu hakanyagi tope tena.” Tulikupigia vigelegele. Mama alicheka akajifunika uso kwa kanga.

Nimemleta Fundi Seif kutoka Chemchem, yule uliyekuwa ukigombana naye kwenye bao. Aligonga lipu yako kwa mpini wa nyundo, ikalia tupu. Akabandua kipande. Ndani, katikati ya kiangazi, tope lilikuwa bichi. Saruji ilizuia maji yasitoke, na miaka yote hii ukuta umekuwa ukioza ndani ya kanzu yake nzuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba, tena kwa saruji ya dukani.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu, kisha namwona Mama anavyotembea sasa kwa miguu yake laini, nashindwa.

Fundi Seif alituwekea njia mbili. Tulitengeneze: tubandue saruji yote, tuutegemeze ukuta kwa magogo, tukandike upya kidogo kidogo kama zamani. Au tulibomoe tujenge jipya kwa mawe yale yale, lakini hapo tungehitaji boriti za mninga na watu wa kiangazi kizima. Watu hao wako shamba la kijiji. Nikamuuliza, ungekuwa wewe ungefanya nini? Akanijibu, “Mwanangu, ningemshukuru Mungu kwamba si langu.”

Ramadhani alitaka tulitengeneze. Tukaanza, yeye na mimi. Saruji ilitoka mapande mapande ikiwa imelishika tope, na tope likafuatwa na mawe. Jiwe moja lilipita sikioni kwake. Alikaa chini akalia, mwanamume mwenye ndevu zake, anasema, “Baba angejua la kufanya.” Nilitamani kumwambia kwamba hili ndilo ulilolifanya. Badala yake nikampa maji.

Kesho yake nikaenda kijiji kipya kuwaomba wanawake wale wale waje kukandika. Walinipokea vizuri. Walinipa uji wa karanga, wakakutaja, wakafuta machozi. Kila mmoja alikuwa na zamu yake shambani, na hilo ni kweli. Lakini Mama Zuhura, jirani yetu wa zamani, alinisindikiza mpaka njiani akaniambia bila ubaya wowote: “Ninyi mlituonyesha kwamba hatuhitajiki tena. Tukazoea.” Hakuja hata mmoja.

Nilirudi nikijua hatutaweza kulitengeneza. Mimi ndiye mkubwa, na Mama alikuwa ameshasema, “Fanyeni muonavyo, mimi nimechoka kulisikiliza likilia.” Nikasema libomolewe kabla halijaua mtu. Tulifunga kamba ya katani kwenye boriti, tukavuta. Nilidhani tutahangaika kutwa. Lilishuka kwa mvuto mmoja, Baba. Halikutubishia hata kidogo. Mama hakutoka nje.

Katibu alikuja akatazama rundo la mawe. Hakutukaripia, alinipa pole kama ya msibani. Akasema lori litakuja kutuhamisha Ijumaa baada ya sala, na mawe yatachukuliwa kujengea choo cha shule. Nilicheka. Samahani, nilicheka, halafu sikuweza kuacha kulia.

Huko tuendako tumepimiwa kiwanja kilichonyooka, na maji yako karibu. Wanasema tutazoea. Labda Ramadhani atazoea. Mimi sitarajii kitu, na nimechoka kujifanya natarajia.

Jana Mama alifagia kaburi lako, akaniita, akaniomba jambo moja tu: siku yake ikifika nimrudishe alale ubavuni pako. Nilimuuliza katibu. Akasema kila kijiji kina makaburi yake, na huku kutalimwa. Sikumwambia Mama.

Kwa hiyo nakuahidi wewe. Nitamleta, hata ikibidi jeneza libebwe mabegani kutoka barabarani mpaka hapa, hata kama ni mahindi tu yatakayokuwa yameota. Nimeshapima kwa macho mahali pake.

Lala salama, Baba. Msubiri yeye. Sisi wengine usitusubiri.

Binti yako,
Tatu