Barua ya Jeshi ya Baba

Mama,

Ukitoka soko, mbuzi nimewafunga nyuma ya choo. Maharagwe yameiva, bado chumvi. Baba amejifungia chumbani, hataki kuongea.

Ile barua yake ya jeshi imechanika, ile waliandika alitoroka kazi na kumbe alikuwa amelazwa hospitali. Si dada Rita aliyeichana. Ni mimi. Niliipeleka saiba, kwa wale wa kompyuta, wakaitia laminesheni ya plastiki, nikidhani nailinda. Jana karani wa rekodi za jeshi akaniambia hawawezi kugonga muhuri wa kurekebisha juu ya plastiki. Leo Baba akioga nikajaribu kuibandua na wembe, sahihi ya afande ikang'oka nayo.

Baba akamgeukia Rita juu yeye ndiye hupanga sanduku la karatasi zake. "Miaka kumi na moja natafuta jina langu lisafishwe, na wewe unachezea?" Rita akalia. Mimi nikanywa chai tu.

Naenda Bomeni kwa Mzee Sylus, walilazwa wodi moja na Baba. Nitamwomba aje aape kwa wakili kwamba Baba hakutoroka.

~~Usimwambie Baba.~~ Msomee hii yote, Rita akiwepo. Lakini pole ya Rita nitasema mwenyewe. Hiyo usinisemee.

Kijana wako,
Elijah