Mlango wa Chumba cha Dhahabu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Besançon, Ufaransa

Jina: Solange Vuillemin. Umri: miaka 41. Kazi: kuchovya makasha ya saa za mkono katika dhahabu. Makazi: mtaa wa Battant, Besançon.

Nimeitwa kwa sababu mwajiri wangu, Bwana Cuenot, amenishtaki kwa kuharibu dhahabu yake. Nasema nilichokiona na nilichokifanya.

Mnamo Ijumaa tarehe 14 Machi, saa kumi jioni, nilikuwa chumba cha kuchovyea pamoja na mwenzangu Régis Maillot. Ilikuwa saa ya kupima dhahabu ya wiki. Saa hiyo Bwana Cuenot hutufungia mlango kwa ufunguo, naye hukaa na mzani chumba cha pili, nyuma ya kioo. Huzima pia mashine ya kuvuta hewa, kwa sababu inautikisa mzani. Swichi iko upande wake, na simu zetu hubaki nje. Hatutoki mpaka hesabu ilingane.

Régis alikuwa akifanya usafi huku akitania, “Leo nimealikwa jibini la kuyeyusha kwa mama mkwe. Nikifa kabla ya chakula, nitakuwa nimeponea chupuchupu.” Ndoo ya asidi ikamponyoka, ikamwagikia beseni la sianidi, sumu tunayochanganya na dhahabu ya kuchovyea; zikikutana hutoa gesi inayoua. Nikasikia harufu ya lozi chungu, ndiyo harufu ya gesi hiyo. Régis, kama watu wengine wengi, huwa haisikii harufu hiyo. Alisema kichwa kinamgonga, kisha akaanguka.

Niligonga kioo. “Bosi, fungua! Régis kaanguka, kuna gesi!”

Alijibu bila kuinua macho, “Solange mama, mchezo huo naujua.”

Mwaka juzi mfanyakazi mmoja alijifanya kuzimia saa ya kupima, akabebwa nje na dhahabu ndani ya kiatu. Tangu siku hiyo Bwana Cuenot haamini mtu anayeanguka.

Nilimburuta Régis hadi kwenye upenyo chini ya mlango, nikamlaza pua ikielekea nje. Alikuwa akihema kwa shida, mwili ukimtetemeka. Nami kichwa kilianza kuniuma. Niligonga tena, nikatukana, nikalia. Niliogopa sana, na niliona kabisa kwamba tutafia mle huku tukitazamwa.

Hapo nikachukua mkebe wa vumbi la dhahabu. Niliusimamisha mbele ya kioo ili auone, nikaanza kulimwaga kwenye tundu la maji machafu. Bwana Cuenot alitupa kalamu akaja mbio na ufunguo. Nilimvuta Régis hadi uani, nikapiga simu ya dharura.

Gari la wagonjwa lilifika na daktari ndani yake, mwanamke. Bwana Cuenot akamwambia, “Huyu ana moyo mbovu, siku zote.”

Daktari aliniuliza, “Dada, una hakika ni sianidi?”

“Nina hakika.”

“Basi singoji maabara.”

Alimtoa Régis damu ya kupima kwanza. Alisema dawa ikishaingia, vipimo vingi havisomeki. Kisha akatundika dripu ya dawa nyekundu kama mvinyo. Nilimuuliza ni nini. Alisema ni vitamini, ndugu ya ile wanayopewa watu wenye upungufu wa damu, ila kwa kipimo kikubwa mno. Inaikamata sianidi na kuitoa kwa mkojo. Dripu haikuwa imeisha Régis alipofungua macho. Ngozi yake ilikuwa imegeuka nyekundu. Akauliza kama mama mkwe ameshaambiwa.

Sasa Bwana Cuenot anawaambia watu kiwandani, “Mtu aliyeponywa na vitamini alikuwa na sumu gani?” Damu iliyotolewa kabla ya dripu iko hospitali. Ipimwe.

Nimeulizwa kama niliimwaga dhahabu kwa makusudi. Ndiyo. Nikifungiwa tena na mtu anayekufa, nitaimwaga yote.

Hayo ndiyo niliyo nayo, na ni kweli tupu.

Sahihi: S. Vuillemin

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake. Pale nilipoandika kwamba mwajiri “alifungua mlango kuwaokoa wafanyakazi,” shahidi alikataa kutia sahihi. Nimefuta maneno hayo mbele yake, akatia sahihi.

Afisa P. Lamboley