Koo Halina Kosa

Jumatatu, 7 Julai
Mnada mbovu tena. Samaki wazuri, changu na tafi, banda la Shimoni limejaa watu, na mimi dalali natoa sauti ya jogoo aliyenyeshewa. Mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki wa kukaanga na kuuza, wamecheka. Mmoja wao, Bi Saumu, akauliza kama siku hizi tunanadi kwa ishara. Nimecheka nao, lakini nimeudhika. Riziki yangu yote imetoka kooni. Tangawizi nimekunywa, asali nimelamba, maji ya chumvi nimesukutua. Wapi.

Jumatano, 16 Julai
Mke wangu Mwanasha ameniletea kombe kutoka kwa maalim. Aya zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi. Nimekunywa mpaka tone la mwisho. Mwanasha anasema ni husuda, na mwenye husuda ni Shee. Nimeamini bila taabu. Shee ndiye anayenadi mimi ninaposhindwa, na koo lake zima. Leo amenisalimu. Kuitikia salamu ni faradhi. Sikuitikia.

Jumanne, 22 Julai
Binti yetu Rukia amekuja na tumbo lake kubwa, akanifokea mimi babake kama mtoto wa chuoni, akanipeleka Ukunda kwa daktari wa koo. Kamera ikapitishwa puani. Koo safi, kasema daktari, ila uzi mmoja wa sauti umelala tu, hautikisiki. Kisha akaagiza eksirei ya kifua. Nimemwona mjinga. Mimi naumwa huku, yeye apiga picha kule.

Ijumaa, 8 Agosti
Mombasa. Nimeingizwa kwenye mashine, kisha daktari wa upasuaji akanichorea. Mshipa mkuu wa damu unatoka moyoni, unapanda, unajipinda kama mpini wa bakora, halafu unateremka mgongoni. Pale penye pindo wangu umevimba. Ukuta umekuwa mwembamba, kama tyubu ya baiskeli inayotokeza penye tairi lililochanika. Na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, Mola ajua kwa nini, hauendi kooni moja kwa moja. Unateremka kifuani, unapita chini ya pindo lile, ndipo unapanda tena. Uvimbe umeubana.

Kwa hiyo koo halina kosa. Shee naye hana kosa. Sitamwambia.

Uvimbe ukipasuka, ndiyo kwaheri. Nisibebe kizito, nisipige kelele, nimeze vidonge vya presha. Dawa hasa ni kufungua kifua, kukata palipovimba na kushona bomba la kitambaa. Nikauliza kama sauti itarudi. Huenda isirudi. Na kwenye meza ya upasuaji wapo wasioamka.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekataa. Nichanwe kifua, kisha nibaki bila sauti? Dalali asiye na sauti ni nani? Nimeyasema haya jikoni, kwa mnong'ono wangu huu wa aibu. Mwanasha alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso.

"Baba Rukia, mimi sikuolewa na koo."

Akaendelea kukuna. Naandika hapa kwa sababu sitalitamka: naiogopa ile meza.

Jumanne, 26 Agosti
Mombasa tena, kitandani. Jana nilikwenda bandani kutazama tu. Shee ananadi nguru mkubwa, anafunga bei mapema, wavuvi wananung'unika. Nikashindwa kuvumilia. Nikajaza kifua nipige kelele. Yakaja maumivu katikati ya mabega, kama kanga inayochanwa. Nikaanguka palepale kwenye maji ya samaki.

Shee ndiye aliyenibeba mpaka garini. Njia nzima ameniinamia, ananitamkia shahada sikioni. Safari hii nimemwitikia.

Ukuta wa ndani wa mshipa umeanza kuchanika. Wananipasua leo. Nimekubali, wala si ushujaa. Kifo kimekuwa karibu kuliko meza.

Jumamosi, 6 Septemba
Niko hai. Mfupa wa kifua umefungwa kwa waya. Moyo ulisimamishwa, wameniambia, mashine ikashika zamu. Sipendi kuliwaza hilo. Nikikohoa nakumbatia mto na machozi yanatoka. Sauti hakuna, ni pumzi tu. Na ile sehemu ya mshipa inayoteremka mgongoni nayo imepanuka. Hawakuigusa. Wataitazama. Nimelia mbele ya muuguzi, mtu mzima mimi.

Jumapili, 19 Oktoba
Nyumbani. Rukia amejifungua salama, mtoto wa kike. Watoto wote wa nyumba hii nimewaadhinia mimi, sikioni, walipozaliwa. Mkwe wangu Hamisi, kwa adabu zake nyingi, akasema, "Baba, wewe pumzika. Nimwite mzee Shee." Hakukusudia ubaya. Nimekasirika kuliko daktari anavyoniruhusu.

Kubeba bado nimekatazwa, hata mtoto. Mwanasha hakubishana na mtu. Alinikalisha kitandani, akamshika mtoto yeye mwenyewe, akamsogeza mpaka sikio la kulia likanigusa mdomo. Alikuwa na joto. Nikaanza. Pumzi ilinikatikia katikati, nikangoja, nikaendelea.

Hamisi alikuwa mlangoni, hakusikia hata neno. Baadaye akaniuliza kama nilimaliza.

Nilimaliza.